TAPSE na kasi ya damu: kupima moyo wa kulia

Shinikizo likipanda kwenye mishipa ya mapafu, ventrikali ya kulia (chumba cha moyo kinachosukuma damu mapafuni) ndiyo inayobeba mzigo, na hali yake ndiyo inayoamua hatima ya mgonjwa. Mlaze kwa ubavu wa kushoto, weka probu ya ultrasaundi kwenye ncha ya moyo, kisha isogeze kidogo kuelekea nje mpaka ventrikali hiyo ionekane nzima.

Kwa TAPSE, yaani umbali ambao vali ya trikuspidi (mlango wa kuingilia ventrikali ya kulia) husogea, pitisha mstari wa modi ya M, inayochora mwendo kwenye mstari mmoja, kwenye ukingo wa nje wa vali hiyo, upime ukingo unavyosogea kuelekea ncha moyo unapojibana. Chini ya milimita 17 si kawaida. Wengi hukosea hapa: mstari ukipita mshazari, namba hushuka bure. Na vali ikivuja sana, TAPSE huonekana nzuri kuliko hali halisi.

Kisha Dopla, inayopima kasi ya damu. Damu ikirudi nyuma kupitia vali hiyo kwa kasi ya mita 3.5 kwa sekunde, tofauti ya shinikizo kati ya ventrikali na atria ya kulia (chumba cha juu yake) ni 4 × 3.5², yaani mmHg 49. Vena kava ya chini (mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye atria ya kulia) ikizidi milimita 21 na isiposinyaa hata nusu mgonjwa anaponusa kwa nguvu, ongeza 15 kwa shinikizo la atria: jumla 64, makadirio ya shinikizo la mishipa ya mapafu. Unapopima kasi hiyo, fuata ukingo mzito wa mchoro wa Dopla. Ule ukungu wa pembeni usiuguse, maana kosa la kasi linazidishwa kwa kipeo cha pili.

Sasa gawanya TAPSE kwa shinikizo hilo: milimita 14 kwa 64 ni 0.22. Chini ya 0.55, ventrikali inaelemewa. Binafsi nauamini uwiano huu kuliko TAPSE peke yake.