Asubuhi waliyotuambia ni wezi

Novemba 2008 macho ya dunia yote yalikuwa Goma, mashariki mwa Kongo. Waasi wa Jenerali Laurent Nkunda walikuwa wameusogelea mji mwishoni mwa Oktoba, na sisi wa Bukavu, upande huu wa ziwa Kivu, tulikuwa hatuzimi redio. Tulikuwa na ndugu kule. Katika siku hizo za wasiwasi, usiku wa Ijumaa tarehe 21, Didace Namujimbo, mwandishi wa habari wa Radio Okapi, redio ya Umoja wa Mataifa nchini Kongo, alipigwa risasi na kufa karibu na nyumbani kwake, mtaa wa Ndendere hapa Bukavu. Alikuwa na miaka 34.

Mimi nilikuwa bado najifunza kazi katika redio moja ndogo mjini. Jumamosi, kabla jua halijapanda, jirani aliingia uani na bidoni ya maji mkononi, akamwambia mama bila hata kusalimia: "Bameua Didace wa Okapi."

"Tena?" mama akauliza.

Kila mtu wa Bukavu angeuliza hivyo. Mwaka mmoja na nusu haukuwa umefika tangu Serge Maheshe, wa Okapi vilevile, auawe mjini humuhumu. Ilikuwa tarehe 13 Juni 2007, jioni, akiwa na marafiki zake wawili karibu na gari lenye alama za Umoja wa Mataifa. Alikuwa amekwisha kulalamika kwamba anatishwa. Mahakama ya kijeshi ikaendesha kesi kwa haraka ya ajabu. Askari wawili waliokamatwa mwanzoni wakaachiwa. Wanaume wawili wakajitokeza na kukiri kwamba ndio walioua, wakadai wametumwa na marafiki wale wale waliokuwa naye. Agosti hiyo wote wanne wakahukumiwa kifo. Halafu wale waliokiri wakageuza maneno: wakasema mahakimu wa kijeshi ndio waliowashawishi kuwataja wale marafiki. Katika rufaa, Mei 2008, marafiki wakaachiwa huru. Niliifuata kesi ile kwa kiu kubwa kuliko mpira, na hadi inafungwa sikuwahi kusikia ikichimbwa sawasawa habari ya vitisho alivyovipata Serge, wala kazi aliyokuwa anaifanya. Hilo ndilo lililonichoma, na linanichoma hata sasa.

Basi mama alijua anachokiogopa. Kwenye mkoba wangu kulikuwa na karatasi za walimu wa shule moja ya kijijini: orodha ya malipo yenye majina ya watu ambao hakuna mwanafunzi aliyewahi kuwaona ubaoni. Majina hewa. Kuna mtu alikuwa anakula mishahara hiyo, na wakati huohuo wazazi wanauza mihogo ili walipe "prime", yaani nyongeza ya mshahara, ya walimu walio hai. Mama alishika mlango. "Usiende leo, mwanangu. Ile kazi itakungoya."

Nilimwambia, "Mama, niko naenda kuwaona tu wenzangu." Aliniachia njia, lakini hakunijibu kwaheri.

Mjini, kuanzia Nyawera, maneno yalikuwa yameshatangulia. Kwenye taksi abiria mmoja alikuwa na hakika ni wezi, kwa kuwa watu walisema simu ya marehemu haikuonekana. Mwingine alileta habari za deni. Mwanamke aliyepakata mtoto akasema ni mambo ya wivu, wala hakuwa amewahi kumwona Didace kwa macho. Kweli, Bukavu ya wakati ule ilikuwa na wezi wenye bunduki, na watu waliuawa kwa simu. Lakini niliona jinsi maelezo hayo yanavyopendeza masikio ya wakubwa: yakikubaliwa asubuhi, hakuna atakayeuliza jioni marehemu alikuwa na adui gani, wala habari zake zilimuudhi nani.

Redioni hakuna aliyekuwa amekaa. Wenzetu wawili walikuwa wanalia waziwazi, wanaume wazima. Shefu wetu, mtu wa maneno machache, alikuwa anatoa nakala za karatasi zote zilizokuwa mezani, pamoja na zangu, akizigawa katika bahasha za kwenda kwa watu tofauti. Nikamuuliza kama tuzifunge habari za walimu hadi matanga yaishe.

"Tukifunga leo," akasema, "kesho watajua bei yetu. Risasi moja."

Tulibishana sana. Mhasibu wetu, mama mwenye watoto wanne, alisema hana ubaya na ukweli ila nyumba yake haina hata uzio. Hakuna aliyemwona mwoga. Mwishowe tukakubaliana kwamba habari ile isisomwe na mtu mmoja wala isiwe na jina la mtu mmoja. Kila kipande sauti yake. Na tusirudi nyumbani usiku tukiwa peke yetu.

Jumatatu tukaingia hewani saa ya habari za mchana, kwa Kiswahili. Shefu alipanga mwenyewe mfuatano: kwanza kifo cha Didace, kisha kesi ya Serge tangu mwanzo, tarehe kwa tarehe, hukumu na rufaa. Halafu, bila muziki wala tangazo katikati, walimu hewa. Mimi nilipewa kipande cha mwisho, cha orodha. Sauti ilitetemeka kwenye majina ya kwanza, ikatulia. Nilikuwa sijamaliza ukurasa wa pili simu ya studio ikaanza kuwaka. Nilidhani ni vitisho. Alikuwa mwalimu wa kijiji kingine, anaomba kalamu iwe karibu, kwao nako ana majina ya kutupa.