Nilivyonunua Altezza ya bei nafuu na kuiboresha bila kufungua injini

Kwa mkazi wa Dar es Salaam anayetaka gari la spoti kwa fedha za kawaida, uchaguzi ni mdogo kuliko unavyodhaniwa, kwa sababu mengi yanayopewa sifa hiyo mtaani ni magari ya kawaida ya saluni yaliyofungwa rimu kubwa na bomba la moshi lenye kelele. Mimi nilitaka gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, lenye gia za mkono, na ambalo spea zake zinapatikana Gerezani au Kariakoo bila kuagiza kila kitu kutoka Japani. Bajeti yangu ilikuwa shilingi milioni 12, nami niliigawa tangu mwanzo: milioni 7 za kununulia, na zilizobaki zisiguswe mpaka gari liwe mikononi mwangu.

Masharti hayo yalinifikisha kwenye Toyota Altezza, gari lililoingia sokoni mwaka 1998 chini ya mhandisi mkuu Nobuaki Katayama na kuuzwa Ulaya na Marekani kwa jina la Lexus IS. Kwetu zipo nyingi, hasa zenye namba za usajili za mfululizo wa B na C, lakini si zote ni kitu kimoja. Kuna AS200, yenye injini ya silinda 6 aina ya 1G-FE inayotoa nguvu za farasi 160 hivi. Na kuna RS200, yenye injini ya silinda 4 aina ya 3S-GE ambayo Yamaha walishiriki kuiunda, na ambayo katika gari la gia za mkono hufikia nguvu za farasi 210 kwenye mizunguko 7,600 kwa dakika. Nembo ya nyuma haithibitishi chochote, maana yeyote anaweza kuinunua na kuibandika. Nilikuwa naomba boneti ifunguliwe, nafuta vumbi kwenye kibati cha utambulisho, kisha nasoma: SXE10 ni RS200, GXE10 ni AS200. Katika herufi zinazofuata SXE10, AEFVF humaanisha gari lilitoka kiwandani na gia za mkono, na AEPVF humaanisha otomatiki. Herufi hizo zilinisaidia kuziacha kadhaa zilizotangazwa kuwa za gia za mkono tangu Japani, ilhali giaboksi ilibadilishiwa hapahapa, na haijulikani ilitoka kwenye gari gani.

Kila muuzaji nilimwomba asiliwashe gari kabla sijafika, na nilipofika niligusa injini kwanza kuhakikisha ni ya baridi. Injini iliyokwisha pashwa moto huficha mengi. Nilifungua kifuniko cha oili kutazama kama kuna utelezi mweupe unaofanana na mtindi, dalili ya maji kuchanganyika na oili, kisha nikafungua rejeta kuona rangi ya maji. Barabarani niliiacha gari iteremke kwenye gia bila kukanyaga mafuta, halafu nikakanyaga ghafla huku nikitazama kioo cha nyuma. Wingu la bluu wakati huo huashiria sili za vali zilizochoka, na moshi unaoendelea kila unapokanyaga huashiria ringi za pistoni zilizochoka, jambo ambalo kwa bajeti yangu lingemaliza mazungumzo. Gia ya pili na ya tatu nilizibadilisha kwa haraka, nikisikiliza kama zinasaga.

Niliyoichukua, RS200 ya gia za mkono, haikuvutia macho. Rangi ilikuwa imefifia juu ya paa, springi za mbele zilikuwa zimekatwa ili gari lilale chini, na maji ya rejeta yalikuwa ya kahawia kama chai ya rangi. Injini, hata hivyo, ilikuwa kavu kabisa kwa nje, na haikutoa moshi wa namna yoyote. Dalali alianza na milioni 8 na nusu. Nilimwonyesha springi na rejeta, nikamweleza gharama ya kila kimoja, tukafikia milioni 6 na laki 8.

Kadi ya gari ilikuwa bado kwa jina la mmiliki wa zamani, ingawa gari lilikuwa limeshapita kwa mtu mwingine baada yake. Nilikataa kutoa fedha mpaka mtu huyo mwenye jina kwenye kadi apatikane na asaini mkataba mbele ya wakili. Dalali alinung'unika sana, lakini kazi ya kubadilisha umiliki TRA ilikuwa rahisi kwa sababu hiyo. Nilikagua pia kwenye mfumo wa polisi kama namba ile inadaiwa faini za barabarani, na zilizokuwepo zikakatwa kwenye bei.

Kazi ya kwanza haikuongeza hata farasi mmoja. Tulibadilisha mkanda wa taimingi pamoja na pampu ya maji, kwani pampu hiyo huzungushwa na mkanda huohuo na kuirudia baadaye ni kulipa ufundi mara mbili. Tulipofika kwenye mfumo wa kupoza, tukakuta thamostati imeondolewa. Fundi hakushangaa. "Kaka, nchi hii ya joto, thamostati ya nini?" aliniuliza. Fikra hiyo imeenea mno gereji zetu, na kwa injini kama hii ni hasara: maji yanazunguka muda wote bila kizuizi, injini inachelewa kufikia joto lake la kazi, na kompyuta, ikidhani gari bado ni baridi, inaendelea kumwaga petroli ya ziada. Nilisisitiza ifungwe mpya, tukasafisha rejeta na kujaza kulanti badala ya maji ya bomba. Ulaji wa mafuta ulipungua kuliko baada ya marekebisho mengine yoyote niliyofanya.

Baada ya hapo nilienda chini ya gari. Boljointi za chini za mbele, yaani viungo vinavyoshikilia gurudumu, ni sehemu dhaifu inayojulikana ya Altezza, na ikiachia ukiwa kwenye mwendo gurudumu hulala. Zangu zilikuwa na mchezo ulioonekana kwa macho baada ya gari kuinuliwa na gurudumu kutikiswa. Nilinunua mpya zenye ubora, si za mtumba, pamoja na bushi za mikono. Springi zilizokatwa nilizitupa na kuweka seti kamili ya shokapu na springi za urefu wa kawaida kutoka gari lililochinjwa, yaani lililofunguliwa kuuzwa kama spea. Vijana wa gerejini walinicheka kwa kuinyanyua gari badala ya kuishusha, lakini matuta ya mitaa yetu yanakwangua tumbo la kila gari lililolala, na springi iliyokatwa haina uvumilivu wowote kwenye kona yenye mashimo.

Matairi ndiyo yaliyonigharimu zaidi. Saizi ya kiwandani ni 215/45 kwa rimu ya inchi 17, na wauzaji wengi wanayo ya mtumba yenye kashata (meno ya tairi) nzuri ambayo mpira wake umeshakauka. Nilisoma tarakimu 4 za mwisho za alama ya DOT ubavuni, mbili za wiki na mbili za mwaka wa kutengenezwa, na sikuchukua lililozidi miaka 3. Nikaongeza pedi bora za breki, mafuta mapya ya breki na alaimenti. Baada ya hayo, gari ambalo awali lilitangatanga kila nilipopita 80 lilishika kona kwa namna iliyonifanya nielewe kwa nini watu hulisifu.

Habari ya kufunga turbo nimeshauriwa mara nyingi, na nimeikataa. Mgandamizo wa injini hii ni mkubwa, 11.5 kwa 1, kwa hiyo kuisukumia hewa ya ziada bila kubadilisha pistoni na kurekebisha kompyuta ni kuiua. Kwa fedha iliyobaki nimebadilisha plagi, koili moja iliyokuwa ikikosa moto, na oili ya giaboksi. Sasa natafuta difu ya Toseni, inayogawa nguvu kati ya magurudumu mawili ya nyuma ili moja lisizunguke bure, ambayo baadhi ya RS200 zilitoka nayo kiwandani. Nikiipata kwa bei inayoeleweka, nitaifunga.