Nilivyowashawishi wakubwa kazini wagharamie vyeti vya usanifu wa mifumo

Ukitaka taasisi yako igharamie vyeti vya usanifu wa mifumo, anza na michoro ambayo tayari imo ofisini. Mimi nilichukua michoro miwili ya mradi mmoja, iliyochorwa na wasanifu wazoefu wa idara tofauti, nikaiweka mezani mbele ya mkuu wa Tehama, mkurugenzi wa fedha na ofisa manunuzi. Yote miwili ilikuwa na kisanduku cha mfumo wa wateja, kisanduku cha mfumo wa ankara, na mshale katikati. Nikawaomba wanieleze mshale ule unasema nini.

Mkuu wa Tehama akasema taarifa za mteja zinatoka huku kwenda kule. Ofisa manunuzi yeye aliona kwamba mfumo mmoja unautegemea mwingine, ukizima huu na ule umesimama. Tukawaita wachoraji wenyewe: mmoja alikusudia la kwanza, mwenzake la pili. Na michoro hiyohiyo ndiyo iliyoambatanishwa kwenye zabuni ya kuunganisha mifumo ile, zabuni iliyoleta bei zisizolinganishika kwa sababu kila mzabuni alikuwa amepiga hesabu ya kazi tofauti. Mkurugenzi wa fedha hakuhitaji maelezo zaidi. Aliuliza tu, “Kwa hiyo hili lina dawa?”

Dawa ipo, na imeandikwa. ArchiMate, lugha ya michoro iliyo chini ya The Open Group, shirika la viwango vya Tehama, tangu 2008, haiachii mshale ubashiriwe: taarifa zinazopita huonyeshwa kwa mstari wa vipande, na mfumo unaouhudumia mwenzake huonyeshwa kwa mstari mzima wenye kichwa cha mshale kilicho wazi. Pamoja nayo kuna TOGAF, mwongozo wa usanifu wa shirika hilohilo, ambao hupanga kazi yenyewe: unaanza na dira na shughuli za taasisi, unafuata data na programu, halafu teknolojia, ndipo uje kwenye mpango wa kuhama kutoka mfumo wa zamani na usimamizi wa utekelezaji. Kwetu sisi mambo yalikuwa yakianza na teknolojia, kisha shughuli zinalazimishwa ziifuate.

Mkuu wa Tehama alihofia kwamba hii ni fasheni itakayopita. Hilo lilijibika upesi. John Zachman, aliyekuwa mtaalamu wa IBM, alichapisha mfumo wake wa usanifu mwaka 1987, sheria ya Marekani ya 1996 ikawapa wakuu wa Tehama wa mashirika ya serikali jukumu la usanifu huu, na TOGAF yenyewe ilitoka mara ya kwanza 1995 ikijengwa juu ya kazi ya Wizara ya Ulinzi ya nchi hiyo.

Pingamizi zito lilikuwa jingine, na naliheshimu mpaka leo: “Hawa watu wana uzoefu wa miaka. Mtihani wa kuchagua majibu utawaongezea nini?” Nilijibu wazi kwamba mtihani wa TOGAF haupimi uzoefu. Ngazi ya kwanza hupima kama unazijua dhana na istilahi. Ngazi ya pili inakupa visa, unaruhusiwa kutazama kitabu, na majibu hayagawanyiki kuwa sahihi na makosa tu: lililo bora lina alama 5, linalofuata 3, jingine 1, na moja halina kitu. Napenda sana upimaji huo, maana hata kazini mara nyingi huchagui kati ya zuri na baya. Anayetaka uzoefu wake utambuliwe kuna cheti kingine, Open CA, ambacho hakina karatasi ya mtihani. Unaandika miradi uliyoifanya na maamuzi uliyoyachukua, kisha wasanifu wenzako wanakaa kukuhoji. Vyeti hivi viwili havishindani, na mwombaji anayevichanganya mbele ya wakubwa anajiharibia.

Mkurugenzi wa fedha akaleta swali la kila mkurugenzi wa fedha: je, wakishafaulu wakaondoka? Sikumwahidi kwamba hawataondoka. Nilimwonyesha faili la msanifu aliyekuwa ameacha kazi, michoro ambayo hakuna aliyebaki mwenye uwezo wa kuisoma. “Mkurugenzi,” nikamwambia, “watu huondoka wakiwa na vyeti au wasipokuwa navyo. Ninachoomba ni kwamba wakiondoka, waache kazi inayosomeka.”

Suala la mishahara kupanda sikuligusa kabisa. Hoja hiyo ni ya mfanyakazi, na kikao kile kilikuwa cha taasisi.

Tulichokubaliana ni hiki: wasanifu wote wafanye ngazi zote mbili za TOGAF, ofisa manunuzi na wachambuzi wa shughuli wafanye ya kwanza, ili wasomaji wa michoro wajue wanachosoma, na mchoro wowote unaoingia kwenye zabuni ufuate ArchiMate na upitiwe na msanifu wa idara nyingine. Kipengele hicho cha mwisho nilikisisitiza kuliko vyote, kwa sababu elimu isiyo na mahali pa kutumika ofisini husahaulika.

Zabuni ya kuunganisha ile mifumo miwili ilirudiwa kwa mchoro mpya. Safari hii maswali ya wazabuni yalihusu ratiba na ulinzi wa data. Hakuna aliyeuliza mshale una maana gani. Sasa wasanifu wawili wakongwe wanaandaa maelezo ya miradi yao kwa ajili ya Open CA, na ofisa manunuzi ndiye anayewasomea rasimu.