Nusura nimwage dhahabu

Nilikuwa natoa dhahabu safi kwenye mapambo chakavu, nasubiri maji ya manjano. Dhahabu ikiyeyuka kwenye mchanganyiko wa tindikali ya naitriki na haidrokloriki hutoa rangi hiyo, na ikikolea huwa ya machungwa. Nikaweka gramu 5 za hereni na vipande vya cheni kwenye bika (chombo cha kioo cha maabara), uani kwa kaka yangu Kigamboni, upepo wa bahari ukinipiga mgongoni. Kwangu Mbagala nisingethubutu: ua mmoja wapangaji sita, na ule moshi wa kahawia ni sumu kwa mapafu.

Yakaja maji ya kijani, na chini kaunga keupe. Nikajua nimeuziwa shaba. Nilipompigia sonara mmoja wa Kariakoo niliyemzoea, nilikuwa nimeshainua bika.

"Shikamoo, mzee. Nimepigwa. Maji ni ya kijani."

"Marahaba. Karati ngapi?"

"Kumi na nne."

"Sasa ulitaka yawe manjano kwa lipi? Sehemu 585 tu kwa 1,000 ndiyo dhahabu, iliyobaki ni shaba na madini mengine kama fedha. Shaba ndiyo inayopaka rangi. Usimwage, kijana! Pima kwa bati."

Bati la madini, siyo la paa. Ukiliyeyusha kwenye haidrokloriki, tone lake likikutana na dhahabu hugeuka zambarau iliyokoza. Nilidondoshea kwenye karatasi ya chujio, ikageuka karibu nyeusi. Kale kaunga keupe kalikuwa fedha iliyoshikana na klorini. Nilikachuja, na juani kakageuka kijivu.

Hapo nikaharakisha. Nikatia sodiamu metabisulfiti, chumvi inayoitoa dhahabu kwenye maji, unga wa kahawia ukaanza kushuka, halafu ukatoweka mbele ya macho yangu. Naitriki ilikuwa bado imo, inaila tena dhahabu. Ikabidi nichemshe kwa moto mdogo, naongeza haidrokloriki kidogo kidogo mpaka moshi wa kahawia ukakoma. Kazi ya kuchosha kuliko zote. Mara ya pili unga ulituama. Maji yalibaki kijani vilevile, lakini tone la bati halikubadilisha kitu: dhahabu yote ilikuwa chini.

Baada ya kuosha, kukausha na kuyeyusha, mzani ulisoma gramu 2.7. Maji ya shaba niliyatia misumari chakavu, ikavaa wekundu.

Glovu ilikuwa imetoboka bila mimi kujua. Vidole viwili vilikaa na rangi ya zambarau karibu wiki mbili, na mwanangu alikuwa akiniuliza kila jioni zambarau nimezila wapi bila kumletea.