Siku Tuliyokwenda Saanane

Katikati ya mwaka 1984, nilipokuwa darasa la tano katika shule moja ya msingi huko Kirumba, mwalimu wetu wa sayansi alitangaza kwamba darasa zima lingekwenda Kisiwa cha Saanane kuwatazama wanyama. Vijana wa leo wa Mwanza wanakifahamu kisiwa hicho kama hifadhi ya taifa, hadhi kiliyoipata mwaka 2013, lakini sisi tulikijua kama bustani ya wanyama, ya kwanza kuanzishwa na serikali nchini, iliyofunguliwa mwaka 1964 ili wananchi wapate mahali pa kupumzikia na kujifunza. Lango la Ndabaka, ambako Hifadhi ya Serengeti inakaribia kuligusa Ziwa Victoria, liko kando ya barabara iendayo Musoma, na mabasi yalipita hapo kila siku. Hata hivyo, darasani kwetu hapakuwa na mtoto hata mmoja aliyewahi kumwona simba isipokuwa kwenye picha ya kitabu. Mbuga ilikuwa ya wageni wenye magari. Saanane ilikuwa yetu.

Tulikwenda kwa miguu, wawili wawili, tukavuka Mto Mirongo, tukalipita Jiwe la Bismarck na kuifuata njia ya Capri Point, kila mmoja akiwa na kifurushi chake cha chakula. Wengi tulibeba matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, na waliobeba mkate walijulikana mapema kwa jinsi walivyokuwa wakiufichaficha, kwa kuwa miaka ile ya dhiki iliyofuata vita vya Kagera mkate haukuwa kitu cha kukutwa katika kila nyumba. Dhiki hiyohiyo ndiyo iliyotuweka ufukweni muda mrefu, jua likipanda, tukisubiri mafuta ya boti yapatikane.

Mzee aliyekuwa nahodha hakuonyesha haraka yoyote. Tulipomwamkia aliitikia shikamoo zetu kwa pamoja, kisha akaendelea kumweleza mwalimu jambo ambalo lilikuwa likimsumbua kuliko mafuta: furu, wale samaki wadogo tuliowala karibu kila siku, walikuwa wakipungua kwenye nyavu za jamaa zake, na badala yake alikuwa akipanda sangara. Mwalimu aliitikia kwa adabu tu. Leo inajulikana kwamba katika miaka hiyohiyo sangara, aliyeletwa ziwani wakati wa ukoloni, alikuwa akiwamaliza furu wa Ghuba ya Mwanza, wa aina nyingi ambazo hazikupatikana mahali pengine popote. Mtu wa boti alikuwa ameliona jambo hilo kwa macho yake mwenyewe.

Kisiwa chenyewe ni kidogo, eneo lake pamoja na maji yanayolizunguka likiwa kilometa za mraba 2.18 tu, na sehemu kubwa ya nchi kavu ni mawe makubwa yaliyopandana. Pimbi walikuwa wameota jua juu ya mawe hayo bila kutujali, na mijusi yenye vichwa vyekundu ilikimbia mbele yetu kila tulipopiga hatua. Hao hatukuwahesabu kuwa wanyama, kwa sababu nyumbani pia walikuwapo. Tulikuja kumwona simba.

Alikuwa ndani ya kizimba cha vyuma, amelala kwa ubavu. Wavulana waliokuwa wameapa njiani kwamba wangemrushia mawe walisimama nyuma ya wasichana. Nakumbuka harufu yake kabla ya kitu kingine chochote, harufu kali ya mkojo na nyama ya jana, na nakumbuka jinsi alivyofungua jicho moja, akatutazama, akalifumba. Baadhi yetu walilalamika kwamba hakunguruma. Mimi sikuwa na malalamiko; ukubwa wa makucha yale ulinitosha. Vizimba vya namna ile sivitetei, na nafurahi kwamba siku hizi kisiwani wanyama kama swala hutembea watakavyo, lakini siwezi kujifanya kwamba siku hiyo nilimhurumia simba. Nilikuwa na furaha tupu.

Mtunzaji wa wanyama, mtu mzima mwenye sauti ya taratibu, alitueleza kwamba baadhi ya wanyama walifikishwa pale kwa muda tu kabla ya kupelekwa Kisiwa cha Rubondo, na kwamba kisiwa kilichukua jina la Mzee Saanane, mvuvi na mkulima aliyekuwa akiishi hapo kabla ya serikali kukitwaa. Hapo ndipo msichana mmoja wa darasa letu, ambaye kwao walikuwa wavuvi wa Ukerewe, alinyoosha mkono.

"Samahani, baba. Huyo mzee alihamia wapi?"

"Alilipwa fidia, mwanangu, akahama."

"Na makaburi ya kwao?"

Mtunzaji alimtazama mwalimu, mwalimu akatazama saa, nasi tukaongozwa upesi kwenye kizimba cha sokwe, ambako kelele zilikuwa nyingi kiasi kwamba hakuna aliyeweza kuuliza jambo lolote. Msichana yule alibaki nyuma, akiyachungulia mawe yaliyokuwa kando ya njia moja baada ya jingine, hadi alipoitwa kwa jina mara ya pili.

Juma lililofuata tulitakiwa kuandika insha kuhusu safari yetu. Sote tuliandika juu ya simba, na wengi walimfanya angurume, akitingisha vyuma, jambo ambalo mwalimu aliliachia lipite ingawa alikuwapo. Msichana wa Ukerewe aliandika kurasa mbili juu ya Mzee Saanane: shamba lake lilivyokuwa, alivyotundika nyavu zake, na siku aliyopakia vyombo vyake kwenye mtumbwi. Alipata alama za chini kuliko darasa zima, na pembeni mwalimu akaandika kwa wino mwekundu kwamba wanyama hawakutajwa.