Oanisha Fungu A na Fungu B

Kitabu cha kujiandalia mtihani nilikirithi kwa dada mmoja tuliyekuwa naye zamu ya usiku. Kila ukurasa ulikuwa umepigwa kalamu ya njano, nami nikakipokea kama mtu aliyepewa shamba lililokwisha kupaliliwa. Nilikisoma miezi minne: ndani ya gari kabla ya kuingia kazini, saa tisa usiku wodi ya magonjwa ya akili ikitulia, hata msalani.

Mtihani wenyewe ni wa ANCC, shirika la Marekani linalowapa manesi vyeti vya ubingwa. Bila cheti cha namna hiyo, hapa Texas nesi mwenye uzamili wake hapewi leseni ya kumtibu mgonjwa wa akili na kumwandikia dawa. Maswali 175, saa tatu na nusu, na 25 kati ya hayo hayahesabiwi, ila huambiwi ni yapi. Nilipomweleza mama kwa mara ya kwanza, alicheka. "Kwa hiyo unakwenda kuwa daktari wa Mirembe ya Wazungu?" Mirembe ni hospitali ya magonjwa ya akili, Dodoma.

Wiki sita kabla ya siku yangu, wenzangu wa kundi la kujisomea wakaanza kutaja maswali ambayo kitabu changu hakikuyajua. Ya kuchagua majibu sahihi zaidi ya moja. Ya kukokota neno kwa mausi na kulidondosha mahali pake. Ya kubofya sehemu kwenye picha. Nikatazama kitabu kimechapwa lini: kabla ya Machi 2022, yaani kabla ya DSM-5-TR, mwongozo mpya wa kutambua magonjwa ya akili. Ule ugonjwa wa majonzi yasiyokwisha haukuwamo kabisa. (Mtu mzima hupewa miezi 12 tangu msiba kabla hajaitwa mgonjwa. Kwetu arobaini ikishasomwa, watu wanaanza kukutazama kama unajidekeza.)

Kilichoniogopesha zaidi ni mausi. Mitihani yangu yote nimeivuka kwa kukata: futa A, futa D, yakibaki mawili mwombe Mungu. Sasa ningekata nini?

Usiku huo nilikuwa mezani jikoni na binti yangu wa miaka tisa, tunakata maboksi ya siriali kuwa vikadi. Houston saa tatu usiku, Tanga saa kumi na moja alfajiri, mama ametoka kuswali na amepiga video kama kawaida yake.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Mnacheza karata?"

Nikamweleza. Upande huu majina ya dawa, upande ule madhara yake, na kila moja ipelekwe kwa mwenzake. Mama alifundisha darasa la tatu miaka mingi kabla ya kustaafu. Alisogeza uso kwenye simu mpaka nikaona tundu za pua tu.

"Mwanangu, hiyo si oanisha Fungu A na Fungu B?"

Nilinyamaza. Kumbe ndiyo hiyo. Na yale ya kupanga hatua zifuatane, si zile sentensi nne za mtihani wa Kiswahili darasa la saba, uzipange zilete mantiki? Na ya kubofya picha, si "taja sehemu zilizooneshwa kwenye mchoro"?

"Lakini umekosea," akaendelea, sauti sasa ya mwalimu hasa. "Umeweka matano kwa matano. La mwisho mtoto atalipata bure. Fungu B weka saba."

Tukaongeza vikadi viwili vya uongo. Klozapini ikaenda kwa chembe nyeupe za damu, lithiamu kwa figo na tezi ya shingo, lamotrijini kwa upele ule wa kutisha. Lamotrijini ilinitoa jasho: miligramu 25 kwa siku wiki mbili, 50 wiki mbili, ndipo 100; lakini mgonjwa akiwa anameza na dawa nyingine, valproeti, unaanza na 25 leo, kesho unaruka. Binti alivichanganya vikadi, mimi nikavipanga, na kila nikikosea aligonga meza kwa kijiko. Ubongo aliuchora yeye, ukafanana na andazi lililopasuka. Sehemu yake iitwayo amigdala akaiwekea lozi halisi, kwa kuwa nilimwambia jina lake lina maana hiyo, kisha akaila.

Maswali ya siku yenyewe siyasemi, nilitia sahihi. Ninachoweza kusema ni kwamba mlinzi alinigeuza mifuko nje na kukagua miwani yangu kama dhahabu ya kughushi, na kwamba swali la kwanza la kukokota lilipotokea nilihesabu kwanza upande wa kulia. Yalikuwa mengi kuliko ya kushoto. Nikatabasamu peke yangu mbele ya kamera.

Nilimpigia mama nikiwa bado kwenye maegesho. Kwake ilikuwa usiku, amejifunga kanga kichwani.

"Nimefaulu, mama."

"Alhamdulillahi! Hongera mwanangu." Akanyamaza kidogo. "Umekuwa wa ngapi?"

"Hawapangi nafasi, mama."

"Na alama?"

"Karatasi imeandikwa nimefaulu. Basi."

Alitikisa kichwa taratibu. "Huyo msahihishaji wenu," akasema, "mvivu."