VPN imeunganishwa, seva haifunguki

Ukifanya kazi nyumbani Ngamiani, Tanga, huku seva ya ofisi (kompyuta inayohifadhi faili) ikiwa Dar es Salaam, unaweza kuona VPN, yaani njia salama ya kuingia mtandao wa ofisi kupitia intaneti, imeunganishwa na bado faili za ofisi zikakataa kufunguka. Kabla ya kulaumu nywila au mtandao, tazama kwanza anwani za IP, yaani namba zinazotambulisha kila kifaa kwenye mtandao. Kwenye Windows, amri ya ipconfig itakuonyesha. Ruta nyingi za nyumbani hutoka kiwandani zikigawa anwani zinazoanza na 192.168.1, na ofisi nyingi, kwa bahati mbaya, hubaki na anwani hizohizo. Hivyo kompyuta inapoitafuta seva yenye anwani 192.168.1.10, huweza kuamini kwamba imo humohumo nyumbani, na ombi lisipite kabisa kwenye VPN. Zima Wi-Fi, tumia intaneti ya simu, ambayo mara nyingi hugawa anwani tofauti: seva ikifunguka, basi chanzo kimepatikana. Unaweza kubadili anwani za ruta yako, lakini tiba ninayoipendelea kwa dhati ni ofisi yenyewe kuhamia kwenye anwani zisizozoeleka, kama zinazoanza na 10.57.20, kwa sababu mfanyakazi aliyelala hotelini hana mamlaka juu ya ruta ya hoteli. Isipofunguka hata kwa simu, wasiliana na fundi wa ofisi akague mipangilio ya usalama ya seva.